Maksai wa Nyasi Tupu

"Hawa si maksai," fundi baiskeli alisema, ameegemea nguzo ya uzio, kijiti cha meno kikicheza mdomoni. "Hizi ni zile baiskeli zangu ambazo wenyewe wamesahau kuja kuzichukua. Tazama mbavu hizo. Spoku tupu!"

Mdogo wake hakucheka. Alikuwa amechuchumaa ndani ya malisho, anapima nyasi kwa kiganja, kuanzia shinani hadi nchani, kama mshonaji anayempima mtoto sare ya shule. Watu walimwita Nyasi, na jina hilo walimpa kwa dhihaka miaka mingi nyuma, hadi likageuka kuwa jina lake hasa.

"Kiangazi kimekuwa kirefu, kaka," alisema. "Wamepungua kidogo. Mama wa bucha anajua. Alikuja mwezi uliopita akawaona."

"Aliwaona mwezi uliopita. Anawachukua Jumamosi. Kati ya hapo na hapo wamebaki ngozi na pembe." Fundi alitoa kijiti mdomoni akakielekeza kwa wale maksai watano. "Mimi sina ugomvi. Tulikubaliana. Akiwachukua, na akasema atakuwa anachukua kila msimu, shamba libaki la nyasi zako. Asipowachukua, Jumatatu wachoma matofali waanze kuchimba. Au nimesahau neno?"

"Hujasahau."

Mke wa Nyasi alikuwa amefika na kikombe cha chai kwenye sahani, kwa heshima ya shemeji yake. Alisimama akingoja wamalize. Fundi alipokea kikombe, akanywa funda moja, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Na wewe shemeji mbona umekonda hivyo? Isije ikawa bwana anakuhamisha kwa kamba na wewe, leo hapa kesho pale."

"Ananihamisha, shemeji," mwanamke alijibu. "Ila mimi nikifika jikoni nakataa kutoka."

Wote watatu walicheka. Mwanamke alicheka kwa mdomo tu. Akapokea kikombe kitupu, akarudi ndani, akakiosha muda mrefu kuliko kinavyooshwa kikombe.

Shamba lile waliachiwa na baba yao, wote wawili, bila mpaka. Nyasi alipolishika lilikuwa kipara. Mvua ikinyesha, maji yalishuka mekundu, na makorongo yalikuwa yanameza ndama mzima. Kila mtu alikuwa akifungulia mifugo humo kutwa, mwaka mzima, mpaka nyasi zikachoka kuota. Yeye alilifunga. Alichonga vigingi, akanunua kamba, akaligawa shamba vipande vidogo vidogo. Kila asubuhi ng'ombe walihamishiwa kipande kipya, na kile walichokiacha kikapumzishwa mpaka nyasi zipite goti. Kinyesi chao hakikuzolewa, kilibaki palepale. Mkewe ndiye aliyekuwa akishika kigingi huku mume akipiga nyundo, kila asubuhi ya Mungu, jua au matope. Makorongo yakajifunga moja baada ya jingine. Kisima cha bondeni, ambacho zamani kilikauka kila kiangazi, sasa kilitoa maji meupe mwaka mzima, na walioyachota hawakujua waseme asante kwa nani.

Wachoma matofali walilitaka kwa udongo wake, ambao ni mfinyanzi mzuri, na kwa miti iliyoota pembeni, ambayo ingetosha kuwasha tanuru.

*

Jioni ile walikula mapema, wao wawili na binti yao wa mwisho, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate na kurudi kila siku na unga kwenye nyusi. Huyu binti alikuwa ameacha kula nyama. Alisoma mahali kwamba nyama inaiharibu dunia, misitu inakatwa kwa ajili ya ng'ombe, na tangu siku hiyo akila maharage anayala kwa fahari kama aliyeyavumbua.

"Kwetu," mama alianza, akimpakulia mume, "maksai wakikaribia kuuzwa baba alikuwa anawapa mahindi. Wananawiri mpaka nzi akitua anateleza."

"Kwenu walikuwa wanazoeshwa, kidogo kidogo, tangu wakiwa ndama," Nyasi alisema, tonge likiwa shavuni. "Na tena huyu mama wa bucha anataka nyasi tupu. Wateja wake siku hizi wanauliza ng'ombe alikula nini kabla hawajauliza kilo bei gani."

"Wanataka kumla au wanataka kumposa?"

Binti alicheka hadi akapaliwa. "Mama, wanajali mazingira. Ng'ombe wa mahindi anakula chakula ambacho mtu angekula. Wa Baba anakula kile ambacho wewe huwezi kula, na ardhi inapona. Hao ndio ng'ombe pekee ninaoweza kuwasamehe."

"Samehe basi, ule na mchuzi."

"Sijafika huko."

"Huyu hali nyama, wale wanamhoji ng'ombe," mama alisema, akitikisa kichwa. "Mtu akishiba anapata kazi ya kufanya."

Hivyo ndivyo alivyolichukua jambo lile. Katika maneno mawili aliyosema mumewe, hili la kuzoeshwa lilipita na tonge, hakulisikia vizuri. Alilolishika ni la wateja. Alilielewa kuwa ni uchaguzi wa watu walioshiba, kama wale wanaotaka chai isiyo na majani mengi. Na chaguo la mtu wa mbali, ambaye hatajua, si kitu cha kumfanya mume wako asimame mbele ya kaka yake na kuchekwa mbavu za ng'ombe wake.

*

Alhamisi Nyasi alikwenda mjini kutafuta kamba mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imeungwa mafundo mengi na aliona haya mgeni aione. Alimwachia mkewe kazi ya kuwahamisha maksai adhuhuri.

Aliwahamisha. Halafu akaingia stoo. Mahindi yalikuwa pale, yameparazwa tayari kwa uji, gunia limefungwa kwa kitambaa cha kanga iliyochakaa. Yalikuwa chakula cha nyumba yake, hakuwa anamwibia mtu. Aliwaza kwamba watakunywa uji mwepesi mpaka mavuno, na binti ataleta mikate. Akapiga hesabu ya mwanamke wa nyumbani: leo wale washibe, kesho washibe, Jumamosi asubuhi matumbo yamejaa, manyoya yamelala, na shemeji atafute kitu kingine cha kuchekesha watu.

Alijaza ndoo, akaipeleka malishoni, akaimwaga kwenye karai la maji alilokuwa amelipangusa likakauka. Akarudi kujaza nyingine. Alikwenda na kurudi hivyo mpaka gunia likakunjamana nusu. Walipomaliza akawapelekea maji, wakayanywa kwa kiu kubwa. Kisha akalisuuza karai, akafagia punje zilizoanguka, akalikunja gunia vizuri ili lisionekane limepungua. Alijisikia mwepesi. Mumewe aliporudi na kamba mabegani alimkuta anaimba.

*

Asubuhi ya Ijumaa yule maksai mwekundu, mkubwa wao, hakuinuka.

Nyasi alimsukuma begani, akamwita, akamvuta mkia. Mnyama alisaga meno tu, sauti kavu kama mtu anayekwangua sufuria. Tumbo lilikuwa limejaa upande wa kushoto. Nyuma alikuwa amejichafua, kinyesi cha maji chenye harufu chungu ya kitu kilichochacha. Wawili wengine walikuwa wamesimama miguu wazi wakiyumba kama walevi. Wawili waliobaki walikuwa wamelala, hawacheui.

"Mama watoto! Njoo! Njoo uone!"

Alikuja mbio, akaona.

"Wamekula nini hawa?" mumewe aliuliza, hakuwa akimuuliza yeye, alikuwa akiuliza hewa. "Jana uliwahamisha kipande gani?"

"Kile cha karibu na mti."

"Kuna kitu humo. Kuna jani humo."

Akaingia katika kile kipande cha jana akapiga magoti. Alikwenda kwa magoti na viganja, akitenganisha nyasi shina kwa shina, akichuma kila jani asilolifahamu, akilinusa, akilitafuna ncha na kutema. Magugu aliyoyajua tangu utotoni aliyang'oa akayatazama kama ndiyo kwanza anayaona. "Ni hili? Au hili? Hili limetoka wapi?" Suruali ililowa umande mpaka mapajani. Shamba ambalo alilipumzisha kwa miaka, kipande kwa kipande, sasa alikuwa analitafuta sumu.

Mkewe alisimama kwenye kamba. Maneno yalikuwa tayari kinywani, manne au matano tu. Kila alipotaka kuyatoa, mume aliinua uso na kumwonyesha jani jingine, na uso wenyewe ulikuwa umechanganyikiwa kiasi kwamba hakuweza kuugusa.

"Nimewalisha sumu kwa mikono yangu," Nyasi alisema. "Kaka alisema. Kila mtu alisema. Niliwaambia nyasi hazidanganyi."

Binti alikuwa ameshampigia simu daktari wa mifugo. Alikuja na pikipiki, amevaa gamboti, mtu wa haraka asiyependa salamu ndefu.

"Wamekula nini?"

"Nyasi," Nyasi alisema.

"Nyasi tu?"

"Nyasi tu. Wangu hawali kingine."

Daktari akamtazama mwanamke. "Mama?"

"Nyasi," alisema.

Basi daktari akatibu sumu ya jani. Alichoma sindano, akawanywesha mafuta, akachoma nyingine. Yule mwekundu alinyoosha shingo, akatoa pumzi ndefu iliyopeperusha vumbi mbele ya pua yake, akatulia. Nusu saa baadaye wa pili, mwenye doa usoni, akaanguka kwa magoti ya mbele kwanza, kama anayeinama kunywa. Daktari alifuta mikono, akaanza kufunga mkoba.

"Mimi nimefika mwisho, mzee. Tumwachie Mungu hawa watatu."

Hapo ndipo mwanamke akasema.

"Mahindi."

Walimgeukia wote.

"Niliwapa mahindi. Yaliyoparazwa. Jana adhuhuri."

"Kiasi gani?" daktari aliuliza.

Alionyesha kwa mikono, urefu wa nusu gunia.

Daktari alitupa mkoba chini. "Mama! Tumbo lililozoea majani likijazwa nafaka ghafla linachacha kama pombe! Linageuka siki ndani! Ungesema asubuhi..." Hakumaliza. "Magadi mnayo? Leteni magadi! Leteni yote! Na msiwape maji hawa!"

Binti alikimbia. Magadi yakakorogwa, shingo zikainuliwa, chupa zikapita midomoni. Nyasi alishika pembe, akafanya kila alichoambiwa. Hakumtazama mkewe. Alikuwa bado ameshika kwenye mkono mmoja kitita cha magugu aliyoyang'oa, na alipotambua kwamba anayo aliyaweka chini, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Wa tatu alikufa alasiri. Wawili walipona.

*

Nyama ile daktari aliikataza. Ilikuwa imejaa dawa. "Fukieni, na mfukie chini sana," alisema, akawasha pikipiki.

Lakini habari ilishafika. Walikuja majirani na mabeseni, na visu vimefungwa kwenye matambara. Kulikuwa na wanawake ambao watoto wao hawakuonja nyama tangu muhula uliopita wa shule. Walisimama kando ya shimo wakiwatazama Nyasi na binti yake wakichimba.

"Mnafukia ng'ombe watatu wazima?" mmoja aliuliza. "Kweli?"

"Daktari amekataza, jirani."

"Daktari amekula leo. Nipe paja tu, nitalichemsha mpaka dawa itoke."

"Siwezi."

"Huwezi nini? Nyama za wenye magari unazo, zetu sisi unazifukia!"

Binti ndiye aliyejibu, yule asiyekula nyama, matope hadi magotini. "Mama mdogo, ukiila ukafa, Baba atakuzika na wewe humu humu. Nafasi ipo."

Wengine walicheka, wengine walisonya. Waliondoka mmoja mmoja na mabeseni yao matupu, na yakawa yanagongana njiani.

*

Jumamosi mama wa bucha alifika kwa gari dogo la mizigo, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, koti jeupe limekunjwa kwenye kiti cha mbele. Fundi baiskeli alikuwa ameshafika. Alileta hadi kigoda chake.

Mama wa bucha aliwaona wawili waliosimama, akaona udongo mbichi wa shimo. Alimkaribia mmoja akaweka kiganja ubavuni, akakiacha hapo kitambo.

"Imekuwaje, mzee?"

"Walipewa mahindi," Nyasi alisema.

Mkewe alipiga hatua mbele. "Mama, mimi ndi..."

"Mama watoto," mumewe alimkata, bila ukali, "mletee mgeni maji ya kunywa."

Alisita. Katika miaka yao yote mumewe hakuwahi kumkata neno mbele ya watu.

"Nenda, mke wangu. Mgeni ana kiu."

Akaenda. Alipokuwa kwenye mlango wa jiko alisikia nyuma yake: "Ni mimi niliyewapa. Niliona wamekonda. Niliona aibu."

Aliijaza glasi mpaka ikafurika juu ya vidole. Aliporudi, mama wa bucha alikuwa bado ameshika ubavu wa yule maksai.

"Ningewachukua hivyo hivyo walivyokonda," alikuwa anasema. "Kiangazi nakijua. Au ungeniambia tu, 'mama, subiri mvua,' ningesubiri. Kukonda si kosa, mzee wangu. Ila mimi nikisimama dukani nauza neno lako. Mtu ananiuliza, huyu amekula nini, namwambia nyasi tupu, nilimwona mwenyewe mzee mmoja. Sasa nitamwambia nini?"

"Huna la kumwambia," Nyasi alisema.

Mama wa bucha alikunywa maji yote, kwa adabu, akarudisha glasi kwa mikono miwili, akaaga kila mtu. Gari liliondoka tupu.

Fundi baiskeli alilitazama gari mpaka likapotea. Kisha akainuka na kigoda chake. "Nyasi kalisha mahindi," alisema, kama anayeonja maneno. "Nitakaa nacho wapi kichekesho hiki?" Lakini hakucheka. Watu wa njiani ndio waliocheka baadaye. Kabla ya Jumapili kwisha, yule mzee hakuwa Nyasi tena. Walimwita Mahindi.

*

Jumapili mkewe alijifunga kanga mbili akaenda kwenye kibanda cha shemeji yake. Alimkuta anazungusha gurudumu, anasikiliza linakogusa.

"Shemeji, si yeye. Ni mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Ndugu yangu akisema uongo masikio yanamwiva. Tangu yuko mtoto. Jana yalikuwa kama nyanya." Alisimamisha gurudumu kwa kidole. "Nilidhani utasema palepale. Halafu nikaona anavyokutazama unapokwenda kuchota maji, nikanyamaza na mimi."

"Basi mwachie shamba, shemeji. Kosa ni langu, si la shamba. Nakupigia magoti."

"Usipige magoti, kuna grisi." Alimshika kiwiko akamzuia. Sauti ilikuwa imemshuka. "Nimeshapokea hela ya watu. Nimeshailipa ilikokuwa inadaiwa. Hata ningetaka, shemeji. Hata ningetaka."

*

Jumatatu walianza upande wa chini, kwenye kile kipande kilichokuwa kimepumzika kuliko vyote. Walikuwa vijana wachangamfu, walisalimia vizuri. Sururu ziliingia kwa urahisi. Mmoja alipaza sauti kwamba hajawahi kuona udongo laini namna ile, una minyoo hadi chini kabisa.

Nyasi aliketi kwenye benchi ya nyuma ya nyumba, mgongo ukutani. Hakwenda kutazama. Maksai wawili aliwafunga kwenye mti, akawakatia majani akawaletea, maana pa kuwahamishia hapakuwepo. Mkewe alimletea chakula, akakiweka karibu yake, akabaki amesimama na beseni la kunawia.

Mumewe hakuwa amemsemesha tangu Ijumaa, zaidi ya yale ya mgeni na maji. Sasa alinawa mkono mmoja, akaufuta, akauliza bila kumtazama:

"Walikula kwa raha?"

Mkewe alielewa anauliza nini. Angeweza kusema ndiyo, ikaishia hapo.

"Wale wengine, ndiyo. Waligombania."

"Na mwekundu?"

"Mwekundu alikataa," alisema. "Alinusa akarudi nyuma. Hakukijua kile kitu. Nikamwita. Nikachota kwenye kiganja nikamfuata nacho. Akaramba kidogo, akanitazama, akaramba tena. Nilimlisha hivyo mpaka akazoea kuinamisha kichwa kwenye karai."

Bondeni sururu ilipiga jiwe, wale vijana wakacheka.

"Alikuwa hali kitu kwa mgeni, yule," mumewe alisema.

"Ndiyo."

"Hata kwangu alikuwa anangoja kwanza."

Mwanamke aliliachia beseni likainama upande, maji yakimwagikia miguuni. Mumewe alilishika kwa upande mmoja, akamsaidia kulitua chini. Kisha akasogea kwenye benchi akamwachia nafasi, na aliposita akaipiga ile nafasi kwa kiganja, mara moja. Mwanamke akaketi. Walikaa hivyo, chakula kikipoa kati yao, wakisikiliza shamba likichimbwa.